Ukarabati wa mabomba: Hatari si maji kukatika, ni yanaporudi

TANGAZO la kufungwa kwa maji ni jambo la kawaida katika majumba ya orofa humu nchini. Hubandikwa langoni au kwenye ukuta wa ngazi, likieleza kwamba maji yatafungwa kwa saa kadhaa ili mafundi wapate kurekebisha mabomba.

Wapangaji wakilisoma hunung'unika, hujaza mitungi na kungoja. Dhana ya wengi ni kwamba shida yote imo katika zile saa ambazo mifereji itakuwa mikavu.

Dhana hiyo si sahihi. Saa hizo, zikitangazwa mapema, ni usumbufu unaovumilika. Madhara yenyewe, yaani ugonjwa, hita iliyoungua, nyumba iliyofurika na bili isiyolipika, hutokea maji yanaporudi. Aidha, karibu madhara hayo yote yanaweza kuzuiliwa na watu watatu: mwenye nyumba, fundi na mpangaji.

Kutoka chemchemi hadi orofa ya nne

Katika nyanda za majani chai za Kericho na Bomet, suala hili halikuwa na uzito mkubwa zamani. Familia ya mkulima wa Merigi, wadi iliyo katika eneo bunge la Bomet Mashariki, iliteka maji mtoni au kwenye chemchemi, na mvua iliponyesha iliyakinga kutoka kwenye paa la mabati.

Katika mashamba makubwa ya chai, wafanyakazi walijengewa nyumba zilizopangwa kwa safu, na mara nyingi watu wa nyumba kadhaa walichota maji katika mfereji mmoja uliokuwa nje. Mfereji huo ulipoharibika kila mtu aliuona, na fundi aliutengeneza huku wote wakimtazama.

Mambo yamebadilika. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013, Bomet imekuwa makao makuu ya kaunti yenye wafanyakazi wanaohitaji nyumba za kupanga. Mwaka wa 2017 kikaanzishwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Bomet, nao wanafunzi wakahitaji vyumba.

Hivyo basi, kijana aliyelelewa Merigi akichota maji kwa mtungi huenda leo anaishi orofa ya nne mjini Bomet au Kericho, katika nyumba ambayo maji yake hupitia bomba moja na ya majirani 20. Bomba hilo limefichwa ukutani. Halioni, wala hajui linaanzia wapi.

Si kwamba eneo hili lina uhaba wa mvua. Kericho hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiasi ambacho ni karibu mara mbili ya kile cha Nairobi. Msitu wa Mau ndio chimbuko la mito mingi ya sehemu hii, ukiwamo Nyangores unaopita karibu na mji wa Bomet na kuungana na Amala kuwa mto Mara.

Hata hivyo, mvua haiingii ndani ya bomba kwa hiari yake. Maji ya kwenye jumba la orofa hutegemea mitambo, nayo mitambo huchakaa.

Jinsi maji yanavyopanda na kushuka

Katika majumba mengi, maji kutoka kampuni ya maji hupitia mita na kuingia katika tangi lililo chini ya ardhi au kando ya jumba. Pampu huyasukuma hadi matangi ya plastiki yaliyo juu ya paa. Kutoka huko hushuka yenyewe kwa uzito wake, yakipitia bomba kuu lenye matawi katika kila orofa.

Uzito huo ndio nguvu ya maji. Kadiri tangi linavyokuwa juu zaidi ya mfereji ndivyo maji yanavyotoka kwa kasi. Ndiyo maana mpangaji wa orofa ya juu kabisa, ambaye tangi liko mita chache tu juu ya kichwa chake, hulalamikia maji dhaifu ilhali yule wa chini hurushiwa maji usoni.

Mpango huu unaeleza tofauti ambayo wapangaji wengi hawaifahamu. Kuna kufungwa kwa maji kunakofanywa na kampuni ya maji barabarani, na kuna kufungwa kunakofanywa na mwenye nyumba ndani ya jumba lake. Matokeo yake si sawa.

Kampuni ikifunga bomba la mtaa, jumba lenye tangi la kutosha huenda lisihisi lolote. Tuseme jumba lina familia 20 zenye watu 80, na kila mtu anatumia lita 50 kwa siku. Hizo ni lita 4,000. Tangi la lita 10,000 lililojaa litawatosha kwa siku mbili na nusu.

Hivyo ndivyo wakazi wengi wa Nairobi walivyostahimili mgao wa maji ulioanza Januari 2017, kiwango cha maji katika bwawa la Ndakaini kiliposhuka. Waliokuwa na matangi walingoja zamu ya mtaa wao. Wasiokuwa nayo walinunua maji kwa wachuuzi wa mikokoteni.

Bomba la kushukia ndani ya jumba likiharibika, mambo ni kinyume. Tangi laweza kuwa limejaa hadi pomoni na mfereji usitoe tone. Ukarabati wa aina hii ndio makala haya yanaouzungumzia.

Kwa nini fundi hawezi kuziba maji yakipita

Baadhi ya wapangaji hudhani kwamba fundi hufunga maji kwa uvivu, na kwamba angeweza kuziba tundu huku maji yakiendelea kutoka. Ukweli ni kwamba kiungo cha bomba hakishiki kwenye unyevu.

Chukua mabomba ya plastiki ya PPR, ambayo yametumiwa sana katika majumba mapya. Fundi huyaunganisha kwa kifaa cha moto chenye joto la takriban nyuzi 260 za Selsiasi. Ncha mbili huyeyuka kidogo, zikashikanishwa na kuwa kitu kimoja.

Tone moja la maji likiwa ndani ya bomba hugeuka mvuke papo hapo na kuacha vitundu katika kiungo. Kiungo kama hicho huonekana kizuri siku ya kwanza, kisha huanza kuvuja ndani ya ukuta baadaye. Kwa hiyo bomba lazima lifungwe, limwagwe maji yote, kisha likaushwe.

Mabomba ya PVC huunganishwa kwa gundi maalumu, nayo huhitaji muda wa kukauka kabla ya kubebeshwa nguvu ya maji. Yale ya zamani ya chuma kilichopakwa zinki hukatwa meno na kukazwa kwa spana. Mengi yameliwa na kutu kwa ndani, na fundi akifungua kiungo kimoja hukuta cha pili kimeoza pia.

Hii ndiyo sababu kazi iliyokadiriwa kuchukua saa mbili huishia kuchukua sita. Mwenye nyumba mwenye busara hutangaza muda mrefu kuliko anaoutarajia. Maji yakirudi mapema, hakuna atakayelalamika.

Kazi ikikamilika, fundi anapaswa kulijaza bomba na kulijaribu kwa nguvu inayozidi ile ya kawaida, akikagua kila kiungo kabla ukuta haujazibwa. Anayeziba ukuta kwanza na kujaribu baadaye huwa anapanga ukarabati mwingine.

Vali moja, taabu ya watu wote

Swali ambalo wapangaji wanafaa kumuuliza mwenye nyumba ni hili: kwa nini jumba zima lifungiwe maji kwa sababu ya mfereji mmoja mbovu katika orofa ya tatu?

Jibu, mara nyingi, ni kwamba hakuna vali za kufungia katika kila orofa na kila nyumba. Mjenzi alitaka kupunguza gharama, akaweka vali moja tu chini ya tangi. Tangu siku hiyo, kila kitu kidogo kikiharibika watu wote hukosa maji.

Katika majumba mengine vali zipo lakini hazifanyi kazi. Vali isiyoguswa kwa miaka hukwama kwa kutu na chumvi za maji. Siku inapohitajika, fundi huizungusha kwa nguvu na kuivunja, na tatizo dogo huwa kubwa.

Dawa yake ni rahisi. Kila vali ifungwe na kufunguliwa angalau mara moja au mbili kwa mwaka, na iandikwe kwa rangi ni ya orofa ipi. Msimamizi wa jumba ajue kila moja ilipo, hata gizani.

Ikiwa mwenye nyumba amekwisha kufunga maji na kumwaga bomba kuu, huo ndio wakati mwafaka wa kuongeza vali katika kila orofa. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Kuiacha nafasi hiyo ipite ni kuwaandalia wapangaji siku nyingine ya mitungi.

Mrija unaovuta uchafu

Sasa tuingie katika hatari yenyewe. Ili kulikausha bomba, fundi hufunga vali iliyo chini ya tangi la paa, kisha hufungua mfereji wa chini kabisa ili maji yaliyomo yatoke.

Maji hayo yanaposhuka huacha utupu nyuma yake, na utupu huo huvuta chochote kilicho karibu na mifereji ya juu. Wazee wa Kipsigis walikuwa wakinywa pombe ya kienyeji kwa mirija mirefu iliyotiwa katika chungu kimoja. Mvuto ule uliopandisha pombe kwenye mrija ndio huohuo unaofanya kazi ndani ya bomba la jumba.

Ikiwa mfereji wa juu uko wazi hewani, kitakachovutwa ni hewa, nayo haina madhara. Ikiwa umeunganishwa na mpira wa maji ambao ncha yake imezama katika beseni la nguo chafu, ndoo ya kupigia deki au choo, kitakachovutwa ni yale maji machafu.

Uchafu huo hukaa ndani ya bomba ukingoja. Vali ikifunguliwa jioni, maji ya kwanza huusukuma hadi katika nyumba za watu wengine, pengine katika kikombe cha mtoto wa orofa ya pili ambaye wazazi wake hawana habari ya beseni lile.

Hatari nyingine ipo chini ya ardhi. Bomba lenye nguvu ya maji likiwa na tundu, maji hutoka nje. Likiwa tupu, tundu lilelile huruhusu yaliyo nje kuingia. Kama limepita karibu na shimo la maji taka au choo cha shimo, hakuna haja ya kueleza kitakachoingia.

Kwa sababu hiyo, ni kosa kwa mwenye nyumba kuunganisha pampu moja kwa moja na bomba la mtaa. Pampu hiyo ikinguruma wakati bomba ni tupu, hunyonya kila kilicho kando ya nyufa na kukipeleka juu ya paa.

Yaliyotokea Chicago na Croydon

Mambo haya si nadharia. Mwaka wa 1933, mji wa Chicago nchini Marekani ulipokuwa umefurika wageni waliokwenda kutazama maonyesho makubwa ya kimataifa, ugonjwa wa kuhara damu uliosababishwa na amiba ulizuka katika hoteli mbili zilizokuwa jirani.

Uchunguzi ulionyesha kwamba mabomba ya hoteli hizo yalikuwa makuukuu na yalikuwa yameunganishwa kwa namna iliyoruhusu maji machafu kuingia katika maji ya kunywa. Watu wapatao 1,400 waliugua na 98 wakafariki. Wengi walikuwa wamekwisha kurejea makwao katika miji mbalimbali ugonjwa ulipojitokeza.

Miaka minne baadaye, mwaka wa 1937, homa ya matumbo ilizuka Croydon, kusini mwa London. Mafundi walikuwa wakifanya kazi ndani ya kisima kilichokuwa chanzo cha maji ya mji, na mmoja wao alikuwa na vimelea vya homa hiyo mwilini bila kuugua.

Wakati huohuo, uchujaji wa maji na utiaji wa dawa ya klorini ulikuwa umesimamishwa. Watu 341 waliugua na 43 wakafa. Kazi iliyofanywa ili kuboresha maji ndiyo iliyoyatia sumu.

Funzo la Chicago na Croydon halijapitwa na wakati. Kenya ilikumbwa tena na mlipuko wa kipindupindu kuanzia Oktoba 2022, na ugonjwa huo husafiri kwa njia ileile: kinyesi kikikutana na maji ya kunywa. Bomba lililofunguliwa na kufungwa bila uangalifu ni mojawapo ya mahali pa kukutania.

Rangi ya maji yanaporudi

Maji yanaporudi huja kwanza kwa kishindo. Mfereji hukohoa, hutema hewa, kisha hutoa maji yenye rangi. Rangi hiyo ina maana yake.

Maji meupe kama maziwa kwa kawaida yana mapovu madogo ya hewa. Yakiwekwa katika gilasi hutakata kuanzia chini kwenda juu katika muda mfupi. Hayo hayana ubaya.

Maji ya rangi ya chai yamebeba kutu na matope yaliyokuwa yamelala ndani ya bomba hadi mkondo mpya ulipoyatibua. Hayafai kufulia nguo nyeupe, wala kunywewa, wala kujazwa katika hita. Yaachwe yatiririke hadi yatakate.

Njia bora ni kuanzia chini. Msimamizi afungue vali polepole, kisha mfereji wa chini kabisa uachwe wazi hadi maji yawe safi, ndipo orofa zinazofuata zifungue moja baada ya nyingine. Maji hayo yakingwe kwa ndoo, kwani yanafaa kusafishia ngazi na vyoo.

Vali ikifunguliwa kwa ghafla, maji huingia kwa kasi na kugonga viungo kama nyundo. Kiungo kipya ambacho hakijashika sawasawa huweza kufyatuka, na kazi ya kutwa nzima ikaharibika kwa sekunde chache.

Maji kutakata kwa macho si uthibitisho kwamba ni salama, maana vimelea havionekani. Kwa siku ya kwanza baada ya ukarabati, maji ya kunywa na ya kuoshea matunda yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Hapa wakazi wa nyanda za juu wana jambo la ziada la kuzingatia. Kwenye mwinuko wa mita 2,000, ambao ndio wa sehemu nyingi za Kericho na Bomet, maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 93 hivi, wala si 100 kama ilivyo Mombasa.

Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) hushauri kwamba maji yaachwe yakitokota kwa dakika moja katika sehemu za chini, na dakika tatu katika sehemu zilizopita mwinuko huo wa mita 2,000. Kuyaondoa motoni pindi yanapoanza kutoa mapovu hakutoshi.

Hita, pampu na mfereji ulioachwa wazi

Nyumba nyingi za kupanga zina hita ndogo ya umeme iliyo kwenye bomba la kuogea. Ndani yake mna waya unaopata moto, na kinachouzuia usiungue ni maji yanayopita juu yake.

Kama maji hayapo au yamechanganyika na hewa, waya huo huungua, na wakati mwingine hata plastiki iliyouzunguka huyeyuka. Kwa hiyo swichi ya hita izimwe kabla maji hayajafungwa, na isiwashwe hadi maji yawe yametiririka baridi kwa dakika kadhaa bila kukatika.

Pampu nayo ni vivyo hivyo. Ikiachwa ikizunguka bila maji, huharibika. Mtu aliyefunga vali ya kuingizia maji ndiye anayepaswa kuhakikisha kwamba pampu imezimwa ukutani.

Kosa linalotokea mara nyingi zaidi ni la kusahau. Mpangaji hufungua mfereji mchana, akakuta hautoi kitu, akaondoka bila kuufunga. Maji hurudi usiku akiwa kazini au usingizini.

Mfereji wa kawaida hutoa takriban lita 10 kwa dakika. Ukiachwa kwa saa nane za usiku humwaga lita 4,800, karibu nusu ya tangi la lita 10,000. Sinki ikiwa imezibwa na kitambaa, maji hayo hushuka kwenye dari ya jirani, kwenye kitanda chake na kwenye soketi zake za umeme.

Hasara kama hiyo huzua ugomvi usiokwisha. Nani atalipa bili? Nani atalipa godoro? Sekunde moja ya kufunga mfereji ingeepusha yote hayo.

Mitungi mingapi inatosha

Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria kwamba mtu huhitaji angalau lita 20 kwa siku kwa mahitaji ya msingi kabisa, na kati ya lita 50 na 100 ili aishi bila dhiki. Kwa familia ya watu watano, maji yakifungwa kwa siku moja, mitungi mitano ya lita 20 ndicho kiwango cha chini.

Mtungi wa maji ya kunywa utengwe na ufunikwe. Ya chooni yawekwe katika ndoo nyingine, na yamwagwe kwa mkupuo mmoja ili yasukume uchafu. Asiye na mitungi ya kutosha asitumie iliyowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya kupulizia mimea, hata kama imeoshwa.

Kuna wale ambao hawawezi kungoja. Mama mwenye mtoto mchanga, mgonjwa aliyelazwa nyumbani, mzee asiyeweza kupanda ngazi na mtungi, pamoja na wenye saluni, zahanati au mkahawa katika orofa ya chini, wanahitaji kuambiwa mapema kuliko wengine wote.

Katika jumba lenye utu, vijana huombwa kuwabebea. Bomba ni la pamoja, na taabu yake pia iwe ya pamoja.

Sheria inasemaje

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama kwa kiasi cha kutosha. Chini ya Sheria ya Maji ya mwaka wa 2016, huduma ya maji ni jukumu la serikali za kaunti kupitia kampuni zao, huku Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji (WASREB) ikizisimamia.

Kwa kawaida, kampuni hushughulikia bomba hadi kwenye mita. Kutoka hapo kuingia ndani, mzigo ni wa mwenye nyumba. Mpangaji anayepigia kampuni simu kwa sababu ya bomba lililopasuka ukutani mwa jikoni hupoteza muda wake.

Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012 inamtaka mwenye jumba aliyepangisha sehemu yake kudumisha katika hali nzuri paa, kuta kuu, mifereji mikuu ya maji taka na mitambo inayotumiwa na wapangaji kwa pamoja. Ukarabati, kwa hiyo, si hisani. Kadhalika, sheria hiyo humhakikishia mpangaji haki ya kukaa kwa utulivu bila kusumbuliwa.

Sheria ya zamani ya Kudhibiti Kodi za Nyumba huwalinda wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Nyumba nyingi za orofa zilizojengwa siku hizi zimepita kiwango hicho. Mkataba wa kupanga ndio ngao ya mpangaji, na ni vyema kabla ya kutia sahihi aulize umeandika nini kuhusu maji na notisi ya ukarabati.

Kwa wale walionunua nyumba zao ndani ya jumba, Sheria ya mwaka wa 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo hukabidhi mali ya pamoja, yakiwamo mabomba makuu, kwa shirika la wenye nyumba wote. Hapo hakuna wa kulaumiwa isipokuwa wao wenyewe wakikosa kuchanga pesa za ukarabati.

Ukarabati pia usiwe kisingizio. Kufunga maji ili kumtimua mpangaji aliyechelewesha kodi si ukarabati, hata kama kuna fundi aliyesimama mlangoni na spana mkononi.

Tangazo linalofaa

Kampuni ya umeme huchapisha magazetini orodha ya mitaa itakayokosa stima, pamoja na siku na saa. Ukarabati wa mabomba ya jumba moja hauwezi kuingia gazetini, lakini karatasi ya ukutani inaweza kuwa na ukamilifu uleule.

Tangazo linalofaa litaje tarehe, saa ya kufunga na saa ya kufungua, orofa zinazohusika, sababu, na nambari ya simu ya mtu atakayejibu. Libandikwe siku mbili au tatu mapema, kwa lugha ambayo kila mpangaji anaielewa.

Kisha liongeze maagizo manne ambayo matangazo mengi huyasahau. Ondoa mpira wowote uliozama majini. Zima hita. Funga mifereji yote, hata kama haitoi kitu. Chemsha maji ya kunywa siku ya kwanza baada ya maji kurudi.

Maagizo hayo yanaenea katika mistari minne na hayamgharimu mwenye nyumba chochote zaidi ya wino. Wala hayamaliziki kwa kuandikwa tu: msimamizi apite mlango kwa mlango jioni ya kabla ya kazi, na apite tena maji yakishafunguliwa.

Ripoti za WASREB zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji nchini hupotea kabla ya kulipiwa, na uvujaji ni miongoni mwa sababu kuu. Ukarabati ni lazima ufanyike, na ni lazima maji yafungwe ili ufanyike.

Kwa sababu hiyo, mpangaji asiuchukie ukarabati, bali adai ufanywe ipasavyo. Naye mwenye nyumba akumbuke kwamba kazi haikwishi fundi anapofungasha vifaa vyake. Kazi hukwisha maji safi yanapotoka katika mfereji wa mwisho wa orofa ya juu, huku mifereji mingine yote ikiwa imefungwa na hita zikiwa zimezimwa.